Jiwe Nililokataa Kuliacha

Baba alipokufa, baba mdogo aling'oa mikonge ya mpaka kwenye shamba letu la Kilungu, akaipanda upya ndani zaidi, upande wetu, na miparachichi sita ikawa yake. Chini ya mkonge wa kwanza babu alikuwa amefukia jiwe la mpaka, la ukubwa wa ngumi. Mama aliliokota kwenye udongo uliochimbwa, akalificha.

Mwaka jana nilialikwa kuandika kwa mwezi mmoja huko Uhispania, katika mji wa kale wa kuta za mawe ambao mahujaji wa Kikristo wameupitia kwa miguu karne nyingi. Nilimweleza mama kwamba nje ya lango kuna msalaba, na kila hujaji huacha hapo jiwe alilolibeba kutoka kwao, pamoja na uchungu wake. Mama, aliyekuwa amechoka kuchukia, akanipa lile jiwe.

"Kaliache huko," alisema. "Limenitosha."

Nililifikisha. Kengele zililia. Mzee mmoja aliyevimba miguu alisogea pembeni, akanionyesha nafasi kati ya vijiwe. Nilichuchumaa, nikaona mikono ya mtu mwingine ikichuma maparachichi ya baba. Nikalirudisha mfukoni. Jioni nilimpigia mama simu, nikamwambia limebaki msalabani.

Mama aliwasimulia wanawake wa kanisani kwa furaha, na habari ikamfikia baba mdogo. Ndiyo maana nilipompeleka mbele ya wazee wa ukoo alisimama na tai yake ya mzee wa kanisa, akitabasamu.

"Anayesema nimehamisha mpaka alete jiwe, niliapie hapa hapa. Au bado liko Ulaya linaombewa?"

Watu walicheka. Nikaliweka mezani, karibu na chai yake.

Kwetu, anayeliapia jiwe la mpaka kwa uongo huiletea nyumba yake kifo. Hata waliookoka hawathubutu. Wazee walimwambia aweke mkono. Aliutoa mfukoni, akaurudisha.

"Mwanangu," alinong'ona, "tuyamalize nyumbani."

"Weka mkono, baba."

Hakuuweka. Wiki hiyo aliirudisha mikonge kwa mikono yake mwenyewe, mimi nimeketi kwenye kiti, nikimwelekeza kwa kidole. Mama alikataa kutoka nje. Hajanisemesha tangu siku hiyo, kwa kuwa nilimdanganya kuhusu msalaba, na nitamwomba msamaha. Lakini mkonge wa mwisho nilimfanya baba mdogo auhamishe mara tatu, ingawa tangu mara ya kwanza aliupanda mahali pake.