Jasho Lililozibwa

Siku yangu ya kwanza kazini Doha, nesi mkuu wa chumba cha dharura hakutaka kuona vyeti vyangu. Alijigusa shingoni, kisha kwapani, akaniuliza tezi za sehemu hizo mbili zinatofautiana vipi. Nikamjibu kwamba ile ya shingoni haina mfereji, humwaga homoni zake moja kwa moja kwenye damu. Za kwapani zina mifereji ya kutolea jasho nje. "Yalla, haya twende, vaa glavu," akasema. Enzi zetu ndivyo tulivyopimwa, wanangu.

Baadaye nilihamishiwa kliniki ya kisukari, chini ya daktari mpole aliyelipenda kongosho kupita kiasi. Tezi moja, kazi mbili, alikuwa akituambia: maji ya kusaga chakula hupita mferejini hadi utumboni, insulini huingia kwenye damu. Niliporudi dharura nilijiona nimeshamaliza yote. Thubutu!

Mchana mmoja wa Julai, kijana Mkenya aliletwa na mwenzake wa chumba kimoja kule mtaa wa Najma, wote mabawabu wa hoteli. Alikuwa akiweweseka. Nilimgusa kifuani nikashtuka: alikuwa moto kama sufuria, na mkavu kabisa. Ngozi iliteleza kama iliyopakwa nta.

"Amepaka nini huyu?"

"Ile dawa ya kwapa, sista."

"Kifuani?"

"Mwili mzima. Mgongo, tumbo, kila mahali. Sisi wote hupaka. Supavaiza akiona shati imelowa, anakutoa kazi."

Tezi ya jasho ni kibomba chembamba kilichojikunja chini ya ngozi. Huchota maji na chumvi, huyapandisha hadi kwenye kitundu cha juu, na yakikauka pale mwili hupoa. Dawa ile huziba vitundu. Kwapani haina neno. Lakini mwili mzima, kwenye jua la Doha?

"Wanafanya makusudi?" daktari wa zamu akaniuliza.

"Makusudi, daktari. Ili waonekane nadhifu."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Tulimsugua kijana kwa sabuni, tukamwekea barafu kwapani na kinenani, feni mbili na dripu. Joto likagoma kushuka. Mwenzake alisimama ukutani akilia waziwazi. "Sista, asikufe. Mamake nitamwambia nini?" Nikamwekea kijana barafu nyingine.

Jioni joto lilianza kushuka, na tone moja la jasho likachomoza kwenye paji la uso wake. Nusura nipige kigelegele.

Nimestaafu sasa, nakaa kwa binti yangu, mtaa wa Al Mansoura hapa Doha. Manesi vijana huniuliza nini kilinishtua zaidi kazini, wakidhani nitataja damu. Nawatajia yule kijana alipofumbua macho, akahisi paji limelowa, akavuta shuka na kujifuta haraka haraka.

"Samahani, sista," aliniambia. "Nipe dakika moja tu, nitakauka."