Zamu ya Bi Khole

Bi Khole wa Al Qabil hakuwa mtu wa kusamehe Kiswahili kibovu. Aliondoka Unguja kigori, akaolewa na mzee Thani huku ng'ambo kwa Waarabu, kwenye mitende yake, akazaa, akamzika mume, na lugha yake haikupata hata vumbi. Hata ile akili mnemba ambayo mjukuu wake Lamees alimtilia kwenye simu ilikiona cha moto. Ikitamka neno la bara, anaikatiza: "Sisi mjini hatusemi hivyo, mwanangu." Kila alasiri simu ilikaa barazani imeegemezwa kwenye dele la kahawa, na wawili hao wakizungumza habari za Malindi ya Unguja na mikate ya kumimina.

Siku moja Lamees, anayesomesha fizikia skuli huko Ibra, alikuwa akitayarisha somo. Akamweleza bibi kwa Kiarabu, kama kawaida yake, kwamba mashine hizi za kuzungumza zinakula umeme mwingi mno, hata makampuni ya teknolojia ya Marekani yanataka kuwasha tena mitambo ya nyuklia iliyokwisha zimwa.

"Nyuklia? Hiyo ya mabomu?"

"La, bibi. Hii inachemsha maji, mvuke unatoa umeme. Watu wanaziuliza sana mashine hizi, umeme hautoshi."

Hautoshi! Neno hilo lilimkaa Bi Khole rohoni. Al Qabil, maji ya falaji huja shambani kwa mfereji na kwa zamu. Zamu yako ikisha unaziba, hata kama mitende yako bado ina kiu, kwani huko chini jirani anangoja. Mzee Thani hakuwahi kuiba hata tone. Basi Bi Khole naye akaizima simu, akaikunja ndani ya kanga, akaitia kabatini.

Lamees hakugundua mpaka alipomwona bibi yake kanyong'onyea, kahawa inapoa kikombeni. Akadhani simu imeharibika.

"Nzima," bibi akamwambia. "Nimewaachia wenzangu zamu. Mimi nimeshasema sana."

Lamees alicheka mpaka akashika mbavu. Masikini, hakujua anacheka nini.

"Bibi, maneno yako wewe ni tone tu! Zungumza!"

"Kila mtu wa falaji husema lake tone tu." Akalitazama dele. "Tangu afe dada yangu Aliya, nyumba hii hapana wa kuniitikia kwa Kiswahili. Mnanipenda, wallahi naona. Lakini mnanipenda kwa Kiarabu."

Kicheko kilimkauka Lamees, na moyo ukamuuma. Alimtilia bibi ile akili simuni asipwelewe peke yake, kisha akajiona amemaliza kazi. Na Kiswahili alikuwa akikikimbia kwa kuogopa kukaripiwa.

Kesho yake aliporudi kutoka skuli hakwenda chumbani. Alivua viatu, akakaa barazani, pale pale pa simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, nataka... nihadithie..." Maneno yakamkimbia. Akayatafuta, jasho likimtoka.

Bi Khole, aliyekuwa haiachi hata mashine imalize sentensi, alingoja. Alingoja kwa raha, kama mtu asikiaye maji yanakuja.

"...nyumba yenu ya Malindi," Lamees akamaliza.

Bibi akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akamimina vikombe viwili.

"Haya, kaa vizuri," akasema, "maana mimi zamu yangu ndefu."