Jina Kwenye Sanda

Bi Kibibi wa Mambrui alikuwa na kazi moja na mdomo mmoja, na vyote viwili watu waliviogopa. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike. Kwa mdomo wake alikuwa akiwaosha walio hai. Tena alikuwa na hesabu yake, hakosi hata mmoja. "Mia mbili na kumi na moja nimewaosha kwa mikono hii," atakwambia, na mikono yenyewe ameiinua uione, "na sijamwona aliyekwenda na makuu yake."

Mtu aliyemkera kuliko wote mjini alikuwa Haji Twahiri. Tangu arudi kutoka Makka mwaka wa themanini na tatu, bwana huyu hakuwa na mazungumzo mengine ila kufa. Si kufa kwa wenziwe, hasha. Kufa kwake yeye. Alikuja na sanda, bafta nyeupe aliyoichovya maji ya zamzam, akaiweka kashani pamoja na karafuu na vipande vya udi. Kila Ijumaa baada ya swala hulitoa kasha barazani, akafunua kifuniko watu waone. Sanda yenyewe haikunjuliwi wala haiguswi. "Nafsi yangu nimeizika huko huko," husema, macho ameyafumba nusu. "Mimi si kitu, jamani. Mimi ni vumbi."

"Vumbi gani hilo linalotaka kuamkiwa na kila apitaye?" Kibibi hujisemea akipita na buibui lake, na hajisemei kwa sauti ya chini. Maana asiyemwita Haji hajibiwi salamu. Mtoto mmoja wa chuo cha Kurani aliwahi kumwita Mzee Twahiri. Alirudishwa mpaka pembeni mwa msikiti, aje upya, aamkie upya. Nafsi iliyozikwa! Labda ilizikwa miguu nje.

Masika ya mwaka wa themanini na tano, alfajiri, alifariki Bi Mishi muuza mahamri. Mjane, hana mtoto, chumba chake kimegusana na ukuta wa Haji. Kibibi alifika mapema na Fatu, mpwa wake aliyekuwa akimfunza kazi. Wakateka maji, wakatwanga kafuri. Ndipo Fatu akauliza, "Shangazi, sanda yake iko wapi?"

Kibibi alijua iliko. Iko kaburini na mtu mwingine. Miezi miwili nyuma kibarua mmoja mgeni, wa mashamba ya Magarini, alianguka njiani akafa, hana ndugu wala senti. Kibibi mwenyewe ndiye aliyekwenda kubisha kwa Mishi, kwa kuwa alijua amejiwekea. Mishi aliingia ndani, akatoka nayo, akauliza kama itamtosha, maana kasikia marehemu ni mrefu. Kisha akarudi kwenye karai lake, mahamri yasije yakaungua. "Yako iko juu yangu," Kibibi alimwahidi. Na pamoja na mdomo wake wote, mpaka siku ile alikuwa hajanunua.

Sasa dukani kwa Omar bafta imekwisha, na njia ya Malindi ni tope, siku ya tatu gari halipiti. Maziko ni baada ya laasiri. Kibibi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Hakukubali Mishi azikwe na shuka la kuazima, na ahadi ilikuwa yake. Alijitanda buibui akaenda kwa Haji, ambako wanaume walikuwa wamekaa barazani wakingoja maziko.

"Assalaam aleikum, Haji."

"Wa aleikum salaam. Ndiyo njia yetu sote, Bi Kibibi."

"Ndiyo. Lakini mwenzio ametangulia, naye hana nguo. Tupe ile sanda."

Haji alikohoa. Akasema ile ina nia yake. Akasema ngojeni gari la Malindi. Akasema, "Na ile ni ya mwanamume."

"Bafta haina ume wala uke! Mkasi ninao, nitaikata ienee. Au ile nafsi uliyoizika imefufuka?"

Mtu akacheka puani. Haji akatazama huku, akatazama kule. Macho yote yalikuwa kwake. Yeye aliyejigamba haogopi kaburi aliyaogopa macho ya watu saba. Akaingia ndani, akakaa huko mpaka Kibibi akagonga mlango. Alipotoka alikuwa ameikumbatia sanda kifuani.

"Ukaikunjulie ndani," alisema haraka mno.

Lo! Kumwambia hivyo Kibibi ni kumwambia akunjue papo hapo. Akaitandaza mkekani. Kwenye pembe, kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kama vidole, palikuwa pametariziwa ALHAJI TWAHIRI BIN ATHMANI.

Hata mtoto anajua sanda haitiwi sindano. Wa kwanza kupasuka alikuwa Abdalla mchimba kaburi. "Haji, ulidhani malaika watapotea nyumba?"

"Ni... ni ya kutambulikana tu," Haji alisema, jasho likimtoka. "Siku ile ya kiyama watu watakuwa wengi."

Baraza zima likaangua kicheko. Kibibi hakucheka. Alitoa mkasi, akaikata pembe ile taratibu, akakifumbatisha kile kitambaa mkononi mwa Haji. "Haya, shika jina lako. Mishi halitaki." Akabeba bafta akaenda zake, nyuma yake watu wanashika mbavu.

Ndani, maji yakimiminwa, alikuwa bado na raha. Akawa anaisuka ile hadithi kimoyomoyo: nilivyomwambia, alivyotoa macho, hapa niongeze chumvi kidogo. Kata ngapi za maji zilipita hajui. Ghafla akauona mguu wa Mishi mkononi mwake, kovu la mafuta ya moto kwenye kifundo, na akatambua kwamba tangu aanze kuosha hajamtazama usoni. Alikuwa akimwosha huku anajitazama yeye. Na ahadi hakuitimiza. Sanda aliikamua kwa mwingine, kisha akajipigia makofi. Yaillahi, Kibibi! Yule katariziwa jina kwa uzi, na wewe je?

Akaiweka kata chini. "Nisamehe, Mishi," alisema kwa sauti, akaanza upya kuosha, toka kichwani.

Walipokwisha kumvika na kumfunga, Fatu alifuta mikono, akauliza kama alivyozoea, "Shangazi, huyu ni wa mia mbili na ngapi?"

"Huyu ni Mishi," alisema Kibibi.