Katambuga za Kushoto Tupu

Baba yangu alikuwa akikata katambuga, viatu vya matairi, sokoni Biharamulo tangu sijazaliwa. Mikono ilipoanza kumtetemeka, kisu kikawa kinakwenda kinakotaka chenyewe. Hospitali wakampa vidonge. Akavinywa tumbo tupu, vikamtapisha, akavisukumia chini ya kitanda. Mama akanipigia simu: baba yako amefungia kisu kwenye gunia.

Mimi nilikuwa chuoni, nahangaika maabara na molekuli ya dawa ileile. Looh, ilinitesa! Ina sura mbili, mithili ya katambuga ya kushoto na ya kulia, na mwili unaitumia ya kushoto tu. Ukiitengeneza kwa kuingiza hidrojeni na kichocheo cha kawaida unapata nusu kwa nusu, nusu ya kutupa. Kichocheo changu kilikuwa na upande wake: kinatoa kushoto tupu. Lakini hewa inakiua, na mimi sina subira. Kwetu pombe ya ndizi ikishafunikwa haifunuliwi mpaka siku yake, nami tangu utoto ni wa kufunua nichungulie. Maabara nikafanya vilevile, nikafungua chombo nione imefikia wapi. Kichocheo kikafa. Nikakitukana chombo kwa Kisubi, lugha ya kwetu, mpaka wenzangu wakatoka nje.

Safari iliyofuata nilijikaripia: mvumilivu hula mbivu, tulia! Sikugusa kitu. Kipimo cha nuru, kinachotenganisha kushoto na kulia, kikaonyesha upande mmoja, safi. Nikapiga vigelegele peke yangu. Nimeweza! Mtoto wa mkata katambuga nimeweza!

Nikapanda basi kwenda nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umemaliza kupika dawa zako?"

Nikainama miguuni pake. Nikamvisha katambuga yake ya kushoto mguu wa kulia. "Tembea."

Akachechemea, akacheka. "Wewe mtoto una kichaa!"

Nikamwambia vidonge vyake havikutoka kwangu, ila ni vya aina ileile: kushoto tupu, hakuna ya kulia ya kumbana. Ninalijua jasho la kuitengeneza dawa hiyo. Ale kwanza, ndipo anywe, kama nesi alivyomwelekeza. Akamwambia mama alete uji.

Niliporudi likizo nilipitia sokoni moja kwa moja. Kisu kilikuwa nje ya gunia. Mkono bado ulitetemeka kidogo, lakini kisu kilifuata alama ya chaki. Akanikatia jozi, akapigilia misumari bila kujigonga, akanivisha mwenyewe.

"Kushoto," akasema. "Na kulia. Haya, tembea na wewe."

Nikalizunguka soko zima nikilia, wala sikuona haya.