Nafaka Inayokatwa Kabla ya Kuzaa

Asubuhi ya Juni 2006, katika shamba la ng'ombe wa maziwa mashariki mwa Birmingham, Nabintu anatupa kando matairi makuukuu, moja baada ya jingine, kisha analifunua shimo la majani turubai lake jeusi. Harufu inachomoka, kali, ya uchachu, kama pombe iliyosahauliwa mtungini. Anachota majani kwa kiganja, anayanusa, anayaminya. Hayatoi maji, dalili njema.

Nyuma yake amesimama mwenye shamba, mzee wa Kiingereza aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, ameegemea magongo. Ng'ombe ndio watakaosema. Wakiyala majani haya na maziwa yasishuke, kundi litabaki. Wakiyakataa, litauzwa lote kabla mwezi haujaisha, na Nabintu atarudi kutafuta kibarua kwenye maghala.

Majani yenyewe ni ya rai, nafaka iliyo ndugu wa ngano. Hupandwa Oktoba mahindi yakishavunwa, hustahimili baridi yote, na mwezi Mei huwa imefika kiunoni. Hapa haipandwi kwa ajili ya mkate. Hukatwa ikiwa mbichi, ikasagwasagwa kwa mashine, ikashindiliwa shimoni na kufunikwa isiingie hewa, mpaka ichachuke iwe sileji. Mwaka juzi akiba ya mahindi iliisha mapema, na mwenye shamba akanunua chakula cha ng'ombe kwa bei iliyomkaba koo. Ndipo alipoamua kujaribu rai, akaapa kuwa atajaribu mara moja tu.

Nabintu, mwenye miaka thelathini na minane, ni wa kabila la Washi, kutoka Walungu, mashariki mwa Kongo. Alifika Birmingham mwaka 2001 pamoja na mumewe, Félicien, wakiwa wakimbizi, wakapewa nyumba mtaa wa Nechells. Alifungasha mboga ghalani hadi siku wakala wa ajira alipouliza nani amewahi kushika ng'ombe. Akanyoosha mkono.

"Kushika nilishika," anasema akicheka, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "ndio" huwa "njo". "Kukamua njo sikusema."

Kwao kukamua ni kazi ya wanaume. Félicien humtania mpaka leo: "Baba yako akisikia uko unakamua ng'ombe za Bazungu, atanirudishia mahari yangu yote."

Analipwa pauni tano na peni chache kwa saa, kima cha chini cha sheria. Kila alfajiri Charanjit, dereva wa trekta aliyezaliwa Punjab, humpitia kwa gari lake. Huzungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake, na huelewana vizuri. Mwezi Mei kidogo waache kuelewana.

Mwenye shamba alikuwa hospitalini. Aliacha agizo moja: rai ikatwe wakati suke bado limo ndani ya bua. Suke likichomoza, bua hukakamaa kama kijiti na ng'ombe hulikataa. Kazi ya kuangalia alimpa Nabintu, kwa kuwa ndiye aliyepita shambani kila siku baada ya kukamua.

Asubuhi moja Nabintu alipasua bua kwa ukucha akalikuta suke humo ndani, laini, la kijani, limejikunja kama kiwavi aliyelala. Nafaka ikifika hapo, wakulima husema imeshika mimba. Na kijijini kwao, mtama ulioshika mimba hauguswi kwa kisu. Anayeukata hutazamwa kwa jicho la mchawi.

Charanjit alikwisha kuwasha trekta. "Vipi, dada, tukate?"

"Bado. Majani yanakua."

Siku iliyofuata alimuuliza tena. "Kesho," Nabintu akajibu, macho yake yakiwa kwenye ndoo.

Jioni ile alimweleza mumewe. "Akaniambia, 'Unaogopa nini? Si iko ya ng'ombe?' Nikamwambia, 'Iko na mimba.' Hata yeye hakuweza kusema kata."

Asubuhi ya tatu masuke ya kwanza yalikuwa yamechungulia kwenye mteremko unaopigwa na jua. Upande wa magharibi wingu zito lilikuwa linapanda. Charanjit alizima trekta, akashuka.

"Dada, tunangoja nini? Harusi?"

Nabintu akamweleza. Charanjit hakucheka.

"Mama yangu kule Punjab alikuwa na mashamba mawili ya nafaka," akasema. "Moja la nyati wake wa maziwa, na hilo alilikata likiwa bichi kila mwaka. La pili letu, aliliacha likomae. Hakuyachanganya hata siku moja. Hii rai ni ya ng'ombe tangu ilipokuwa mbegu. Ukiendelea kuionea huruma, mimi na wewe tutaonana kwenye foleni ya kuomba kazi."

Nabintu alitazama mteremko, kisha wingu.

"Kata," akasema. "Lakini mimi siangalii." Akageuka, akaenda zizini.

Charanjit alikata kutwa nzima. Rai iliachwa inyauke, na kesho yake wakaanza kuisaga na kuishindilia shimoni. Mvua iliwakuta wangali kazini. Sehemu ya bondeni, iliyokuwa bado imelala chini, ilinyeshewa wiki nzima ikaoza, ikawa nyeusi.

Nabintu alipiga simu hospitalini mwenyewe. "Nilimwambia nimechelewesha mimi, si Charanjit. Akauliza sababu, nikamwambia. Halafu akauliza kama tumefunika shimo vizuri."

Sasa lango linafunguliwa. Ng'ombe wa kwanza, mwenye madoa, anatumbukiza pua kwenye majani, anafoka, anarudi nyuma.

"Huyo anakushtaki," Charanjit ananong'ona.

"Nyamaza, wewe."

Ng'ombe anarudi. Anavuta tonge, anatafuna, anavuta jingine. Wengine wanasukumana nyuma yake. Wanakula yote isipokuwa vijiti vigumu, vile vya mteremkoni, wanavyovibagua kwa ulimi na kuviacha chini.

Mwenye shamba anangoja wiki nzima ndipo atoe uamuzi. Maziwa hayakushuka, lakini shimo halikujaa. Kati ya ng'ombe themanini, kumi na watano watauzwa. Waliobaki watakaa, na Oktoba rai itapandwa tena.

"Hao kumi na tano njo siku zangu mbili za kungoja," anasema Nabintu. Hajitetei, wala hatafuti wa kumliwaza.

Amemwomba mwenye shamba amwachie tena kazi ya kuangalia rai mwakani. Amekubaliwa, kwa sharti kwamba Charanjit ataruhusiwa kuuliza mara moja tu, na jibu litakuwa ndiyo.

Ameomba pia ndoo moja ya mbegu za rai. Ataipanda nyuma ya nyumba yake Nechells, kwenye kipande cha udongo kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo.

"Ile ya shamba minakata wakati suke iko ndani," anasema. "Hii ya kwangu nitaiacha izae."

Félicien anataka kujua itakuwa ya nini.

"Ya uji."

"Uji wa chakula ya ng'ombe? Mie sinywi."

"Basi wewe utakula majani."