Kadi ya Picha na Duka Nililolisusa

Siku hizi hapa Chake tunapeana mikono msikitini kana kwamba hapakuwa na kitu. Ukitaja miaka ile tuliyosusiana, watu wanakuangalia kama umetukana. "Yamekwisha hayo, mzee," wanasema. Kwangu mimi hayajakwisha. Yaliunguza kompyuta ya mwanangu, na mkono wangu ulikuwamo.

Kwa asiyejua: baada ya uchaguzi, mtu wa chama hiki hakununua hata chumvi kwenye duka la mtu wa chama kile. Hakupanda gari yake. Akifiwa, hakwenda kumzika. Tuliita huo msimamo. Leo nauita upumbavu, na nilikuwa miongoni mwa waliousimamia kwa sauti kubwa.

Shemegi yangu, kaka wa marehemu mke wangu, alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta hapa hapa Madungu, mtaa wa pili kutoka kwangu. Chama chake si changu, nikamsusa. Akipita mbele ya baraza yangu niligeuza uso. Yeye ni mtu wa kelele. Alizidi kupaza salamu ili mtaa mzima usikie kwamba sikumjibu.

Binti yangu alikuwa ameachwa, amerudi nyumbani na wanawe, na hakutaka kulishwa na mtu. Alisomea kuchora ramani za nyumba. Kazi aliifanya kwenye kompyuta ndogo ya mezani ya mtumba, ya zile zinazotolewa maofisini, sanduku jembamba lililokaa chini ya skrini. Akapata mteja Muskati, mtu mwenye asili ya Shumba aliyetaka kujenga kwao. Yule bwana hakutaka ramani ya karatasi. Alitaka aione nyumba kwenye skrini, aizunguke, aingie chumba hadi chumba. Na kila mwanangu alipojaribu kuizungusha, picha ilikwama. Akiiweza kazi ile, jamaa wa Muskati wangemletea nyingine. Akishindwa, basi.

Ilitakiwa kadi ya picha, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili ichore haraka. Mwanangu hakususa mtu. Aliibeba akampelekea mjomba wake.

"Kasemaje?" nilimuuliza aliporudi.

"Kasema pawa saplai yake, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ndogo, baba, haiwezi kulisha kadi kubwa. Anataka kuniagizia Unguja kadi fupi, isiyotaka waya wake peke yake, inayotosheka na umeme wa madabodi, lile bao kubwa inapochomekwa. Ningoje meli."

"Anakuchelewesha makusudi. Anajua wewe mwana wa nani."

"Mie mwana wa dada yake vile vile, baba."

Asubuhi yake niliichukua kompyuta mwenyewe nikaipeleka kwa mwenzetu. Ndivyo tulivyoitana watu wa chama kimoja, mwenzetu, na ukishaitwa hivyo hukuulizwa tena kama kazi unaijua. Huyu alikuwa na duka la simu na redio karibu na soko. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Mzee wangu! Nani kakwambia haiwezi?"

"Yule."

"Yule!" Alicheka mpaka akashika meza. "Yule anataka sisi tubaki nyuma tu, yakhe."

Akatoa kadi ndefu yenye feni mbili. Haikuingia. Akakata bati la ndani kwa msumeno mpaka ikaingia. Kadi ilikuwa na tundu la waya wake wa umeme, na pawa saplai haikuwa na waya huo. Akaugawa waya wa diski, akaunga.

"Itabeba?" nilimuuliza.

"Mzee, tuaminiane. Sisi kwa sisi."

Mimi nilisoma mpaka sekondari, na fizikia nilikuwa siiogopi. Ubavuni mwa pawa saplai ziliandikwa wati inazotoa. Kwenye boksi la kadi ziliandikwa wati inazotaka, tena kwa herufi kubwa, na zilikuwa karibu mara mbili. Nilizisoma zote, nikafunga mdomo. Kuuliza tena kungekuwa kumtilia shaka mwenzetu, na hilo nililiona sawa na kumwendea shemegi yangu nimwambie umenishinda.

Nyumbani kompyuta ikawaka. Nyumba ya Shumba ikazunguka kwenye skrini, na mwanangu akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu arudi. Nikatoka barazani kumngojea shemegi apite.

"Asalaam aleikum, shemegi! Kompyuta inakwenda!"

Alisimama, akanitazama kama aliyeona jini. "Waaleikumu salaam! Leo una ulimi! Inakwenda au inakimbia? Ikiwa inakimbia ifuate, haifiki mbali."

Haikufika mbali. Mwanangu alipoiamuru itoe picha kamili, zenye vivuli na mwanga, ilizima. Akaiwasha, ikazima tena. Mchana ule ambao mteja alikuwa anangoja kuoneshwa nyumba, feni zilivuma, tukasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, harufu ya plastiki ikajaa chumbani. Pawa saplai iliungua, ikaondoka na madabodi.

Nilimrudia mwenzetu.

"Umeme wa kisiwani huu, mzee. Mbaya sana."

"Mbona friji yangu haikuungua?"

"Bahati yako hiyo."

Bahati! Nikaenda kwenye baraza yetu ya chama, pale tulipokuwa tukikaa kila alasiri kusema habari ya haki, nikawaeleza wote. Nilidhani watamwita. Mkubwa wao aliangalia huku na huku, akanishika goti.

"Usiyaseme haya nje. Watatucheka."

"Wacha watucheke! Mwanangu anakosa kazi!"

"Mwenzetu yule. Utamwaibisha."

Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwanangu atawalisha nini watoto wake. Watu waliokuwa tayari kulala rumande kwa ajili ya haki walishindwa kumwambia muuza redio kwamba amefanya vibaya. Niliondoka bila kuaga.

Nyumbani nilimkuta mwanangu anaifunga kompyuta kwenye kanga.

"Nakwenda kwa mjomba. Huenda diski yenye kazi zangu imepona. Na usinambie kitu, baba."

"Lete nibebe."

"Utaonekana."

"Nionekane."

Nilionekana. Tulipita mbele ya baraza ile ile, na mazungumzo yakakatika mpaka tulipokwisha pita.

Shemegi alifungua sanduku, akaliona bati lililokatwa. "Ah! Nani kamchinja huyu?" Kisha akanigeukia: "Shemegi, juzi uliniamkia kwa bashasha. Leo salamu iko wapi?"

Nilimwamkia. Alistahiki kunicheka zaidi ya hapo, na alinicheka.

Diski ilikuwa nzima. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, nyumba ya Shumba ikatokea yote, haikupungua tofali. Mwanangu akampigia yule bwana wa Muskati. Alisikiliza, akasema "sawa" na "inshallah" na "hapana, nakufahamu," akakata simu. Mteja alikuwa ameshampa kazi mchoraji wa Dar.

Shemegi, mtu wa kelele, akaanza kuokota skrubu moja moja. Nilitamani mwanangu anipigie ukelele, anitukane hata. Hakunitazama. Alimuuliza mjomba wake kama ile meza yenye kompyuta karibu na mlango ina mtu, akaambiwa haina, akakaa. Kazi aliyokuwa nayo nyingine ilikuwa ramani ya banda la ng'ombe la mtu wa Kengeja. Akaanza kuichora.

Mimi nilibaki kwenye benchi la wateja mpaka adhana ya alasiri. Sikuwa na pa kwenda. Kwenye baraza yetu sikurudi tena. Leo wale wale wananiambia yamekwisha, nisahau. Wao walipoteza nini hata wawe wepesi hivyo wa kusahau?