Kibonyezo cha Tisa

Alhamisi ya kwanza ya Rajabu nilimpoteza mke wangu. Kifua ndicho kilichomwondoa. Mwaka uliofuata, baada ya Idi, binti yetu alikuwa anaolewa, na alitaka jambo moja tu kwangu: akiingia ukumbini, apokelewe kwa vigelegele vya mama yake.

Vigelegele ninavyo. Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye harusi za wanawake, na kwa kuwa mwanamume haingii humo, hukaa chumba cha pembeni, nyuma ya pazia, na mashine yangu ya kunasa sauti, sampla. Ina vibonyezo kumi na sita: ngoma, matari, makofi. Cha tisa ni mke wangu. Nilimnasa jikoni kwetu Bawshar, kasimama na mwiko mkononi, na tangu siku hiyo alifungua harusi nyingi za watu.

Nikamsikilizisha binti. Akakunja uso.

"Baba, huyu si mama. Huyu mtu katumbukia kisimani."

Alisema kweli. Sauti ilikuwa imejaa mwangwi.

Nikadhani ni kazi ya dakika tano. Nilichomoa waya wa spika kwenye tundu la kwanza la kutolea sauti, nikauchomeka kwenye la pili. Kimya. Nikaurudisha. Nikapunguza mwangwi huku ngoma zikilia, ngoma zikawa kama mtu anagonga ndoo. Nikaupandisha tena kwa hasira hata kabla sijafika kibonyezo cha tisa. Kitabu cha mashine ni cha Kiingereza, na mimi shule niliiacha mapema. Siku tatu nilizunguka palepale. Nikaitukana mashine mpaka nikaona haya.

Siku ya nne nikaipeleka Hamriya, kwa fundi mmoja Mtanzania. Hakushika hata bisibisi.

"Mzee, umehamisha waya, sauti hujaihamisha. Zote zinatokea tundu la kwanza, na mwangwi umeuweka hapohapo."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii unafua nguo zote kwenye beseni moja."

Akacheka peke yake. Akabonyeza mara nne, akakielekeza kibonyezo cha tisa kwenye tundu la pili, lisilo na mwangwi, akanipa waya mwingine wa kutoka hapo hadi kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Mara nne tu! Nilitamani kumzaba kofi yeye na mashine yake. Nikamshukuru, nikaondoka.

Nyumbani nikachomeka nyaya zote mbili, nikabonyeza. Mke wangu akatoka mkavu, karibu, kama yuko pale kwenye jiko. Alipomaliza akakohoa. Mara mbili.

Ndipo nilipokumbuka. Ule mwangwi niliutia mimi, siku ileile, ili kukifunika kikohozi. Nilimwambia arudie, akasema, "Basi bwana, nimechoka," nami nikageukia mashine. Sikumuuliza anaumwa nini. Nilikiona kikohozi kile kuwa ni kasoro ya kazi yangu.

Nikamwita binti asikilize. Nikamweleza yote, na hilo pia.

"Nitakikata hicho cha mwisho," nikasema. "Ni kazi ndogo."

"Usikate."

"Watu watasikia, mwanangu."

"Wasikie. Na wewe usikie."

Sikukata.

Siku ya harusi nilikaa nyuma ya pazia kama kawaida. Matari na ngoma zilitokea tundu la kwanza, na mwangwi wake. Waya wa pili niliukagua mara tano. Tangu siku ile ya fundi sikuiamini tena mashine ile. Kisha dada wa mke wangu akafunua ncha ya pazia.

"Shemeji, keshafika mlangoni. Haya!"

Nikazima ngoma. Nikabonyeza. Mke wangu akapiga vigelegele, akakohoa mara mbili, na ukumbi mzima wa wanawake ukamwitikia.